Injinia wa Falaki

Kompyuta za siku hizi huzaliwa bila mdomo. Zamani ulibonyeza ubavuni ikatoa ulimi, ukailaza CD juu yake, ikaumeza na kuanza kukuimbia. Hizi za sasa ni nyembamba kama kaukau, hazina pa kulia, na watu wenye CD zao za harusi na kwaya wamebaki wanazitundika shambani kutishia ndege.

Jambo hili wengi waliliona ni maendeleo. Ipyana aliliona ni mchongo wa pesa.

Ipyana alikuwa na meza yake ya chaja, kava na vioo vya simu pale Maili Moja, Kibaha, pembeni ya jiko la Anselmi muuza korosho. Kwao Mbeya jina lake maana yake ni neema, ila wateja wake walikuwa bado wanaisubiri hiyo neema ishuke. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuoga na ulimi wa mtu anayekwenda kugombea udiwani.

Asubuhi moja alimwona mwanamke anapita mbele ya meza, kashika CD kwa ncha za vidole kama mtu aliyeopoa chapati motoni, mgongoni kambeba mtoto anayelia. Mama yule aliingia steshenari ya kwanza, akatoka. Akaingia ya pili, akatoka. Ya tatu walimcheka kidogo, ndipo akatoka.

"Anselmi, unaona nini pale?"

"Naona mama ana shida."

"Mimi naona maji yanatafuta mfereji."

"Na wewe ndiye mfereji?"

"Mimi ndiye mtu wa bili," alisema Ipyana, akaifunga vizuri kola ya shati na kuvuka barabara.

Mama yule aliitwa Kudra, mhudumu wa duka la dawa. Mtoto ni Faraji, ambaye siku hiyo hakuwa amemletea mtu yeyote faraja. Kudra alieleza shida yake palepale kando ya barabara, maana mtu asiyelala hana siri. CD ile ilirekodiwa siku ya harusi yake. Nyimbo zilipokwisha, mtoto wa jirani alilia, na mama yake Kudra akamchukua akambembeleza kwa wimbo wake mwenyewe. Mpiga picha alikuwa amesahau kuzima mashine. Mwaka uliofuata mama akafariki, Faraji hajazaliwa bado. Bibi na mjukuu hawakuonana, lakini mtoto huyu halali mchana wala usiku mpaka asikie ule wimbo. Sasa redio ya CD imekufa, na fundi amesema izikwe.

"Nataka niuweke kwenye flashi tu, kaka yangu. Nichomeke kwenye sabufa. Sauti ya mama haipo pengine popote duniani."

Ipyana aliitazama ile CD, akavuta pumzi kama daktari aliyeona picha mbaya ya mapafu.

"Dada, umefika kwa injinia wa sauti. Lakini kwanza nikuulize, unataka kwa mtindo gani?"

"Kwani kuna mitindo?"

"Dada yangu!" Ipyana alimtazama kwa huruma. "Iko MP3. Nyepesi, haijazi flashi, bei yake bei ya chai. Ila MP3 huibana sauti. Na kitu ukikibana lazima kitoke kitu. Inaondoa vile inavyoona sikio halitavisikia."

"Inaondoa nini?"

"Nani ajuaye? Leo pumzi, kesho kicheko. Halafu iko WAV."

"Wavu?"

"Kama wavu kweli, inanasa kila kitu, hadi jogoo wa jirani. Bei ya wali. Lakini nzito, inakaa kwenye flashi kama mgeni mwenye mabegi. Halafu sasa..." alipunguza sauti kana kwamba Anselmi ng'ambo ya barabara alikuwa jasusi, "iko FLAC. Yeye anaikunja sauti kama nguo sandukuni. Ukifungua, hakuna hata kifungo kilichopotea. Bei ya pilau."

Na hapa lazima tumtendee haki. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Ipyana alikuwa amesoma kompyuta jioni, akafika mpaka somo la sauti kabla ya kukosana na mwalimu. Tofauti yake na mtu mwaminifu ilianzia pale maelezo yalipokwisha na kazi ikaanza.

Kudra alimtazama mtoto, akatazama CD. "Nifanyie hiyo ya pilau."

Ipyana alikwenda chumbani kwake, mtaa wa Picha ya Ndege, alikotunza kompyuta mpakato ya kizamani, nzito kama tofali, yenye mdomo wake kamili. CD ilikuwa na mikwaruzo, akaipaka dawa ya meno kwa sababu aliona mtu anafanya hivyo mtandaoni. Kisha akanakili wimbo kwa MP3 ya chini kabisa, ile inayobana sauti mpaka mwimbaji anasikika kama kafungiwa kwenye ndoo. Ilichukua muda wa kunywa soda. Halafu akabofya jina la faili, akafuta mwishoni "mp3", akaandika "flac".

Basi. Kama mbuzi amevishwa koti akaitwa afisa.

Jioni Kudra alipokuja, Ipyana alimchezea wimbo palepale mezani, malori ya Barabara ya Morogoro yakinguruma, kondakta akiita watu wa Mlandizi. Katikati ya kelele zile hata paka angesikika anaimba vizuri. Kudra alifurahi, akalipa bei ya pilau, akanyoosha mkono.

"Na CD yangu?"

"Aa, hiyo inabaki kwanza. Imefanyiwa operesheni, iko karantini."

"Karantini ya nini?"

"Dawa niliyoipaka haijakauka, dada. Ukiitoa sasa unaiua."

Hilo ndilo lililokuwa tawi la pili la mchongo. Mali ya mteja ni kama mkia, ukiushika mwili utafuata wenyewe. Mteja akija kulalamika, Ipyana humwambia kuna huduma ya kuongeza ubora, bei nyingine ya pilau. Ubora wenyewe ni kuchukua faili lilelile bovu na kulinenepesha. Ukiongeza maji kwenye mchuzi, sufuria hujaa, lakini nyama ni ileile. Kwenye begi lake jeusi tayari zilikuwamo CD za kwaya, za mahafali, za mzee mmoja aliyerekodi hotuba yake ya kustaafu, zote karantini.

Kesho yake Kudra alirudi, macho mekundu.

"Mtoto kalia mpaka jirani kabisha hodi."

"Hausikilizi wimbo?"

"Anausikiliza. Ndiyo tatizo. Ukianza tu, ananitazama kama nimemletea mtu asiyemjua."

"FLAC inataka kuzoewa, dada. Sikio la mtoto bado changa. Sasa tukiongeza ubora..."

"Naomba CD yangu, kaka."

"Bado haijatoka karantini. Mimi nakuonea huruma wewe, dada, siyo mimi."

Kudra alijifunga khanga vizuri. Kisha akasema kwa sauti laini kabisa, "Sawa, kaka."

Mwanamke asiyelala akikuambia "sawa, kaka" kwa sauti laini, mtu mwenye akili hufunga meza akahama mkoa. Ipyana alipiga mluzi.

"Huyo umempiga," alisema Anselmi, akigeuza korosho zake jikoni.

"Sijampiga. Nimempa elimu."

"Elimu gani inamliza mtoto?"

"Zote, Anselmi. Hukusoma wewe?"

Siku mbili tatu zikapita, simu ikaita. Namba ngeni. Sauti ya mama mtu mzima, inayovuta maneno kama watu wa kule vijijini.

"Hapo ni kwa yule fundi wa falaki?"

"FLAC, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Ndiyo hiyohiyo falaki. Mimi naitwa Mwanamkuu, niko Masaki huku Kisarawe. Sifa zako zimetufikia."

"Asante, mama, ila FLAC ni aina ya..."

"Maana kuna kitu cha familia kimepotea, tunataka kitazamwe kwa falaki. Na korosho zimetoka shamba, tumetenga gunia zima, tukasema akija mwenye falaki yake ndilo lake. Ila kama siye wewe, basi samahani, mwanangu, nimekosea namba."

Falaki, kwa mtu ambaye hakulelewa pwani, ni elimu ya nyota. Mwenye elimu hiyo huambiwa jina la mtu na la mama yake, akahesabu, akatazama, akasema kilichopotea kiko wapi na bwana harusi anafaa au hafai. Ni kazi ya wazee, ina vitabu vyake na heshima yake. Ipyana hakujua hata nyota inayotangulia jioni. Lakini gunia la korosho alilijua, na jirani yake alikuwa mnunuzi.

"Mama," alisema, "ni mimi."

Akamgeukia Anselmi. "Kesho nakuletea gunia la korosho ghafi. Andaa mshiko."

"Umelima lini?"

"Nimevuna tu. Kulima ni kwa wasio na ulimi."

Bodaboda ilimchukua kwa njia ya vumbi ya kuelekea Kisarawe, akapita magunia ya mkaa yaliyosimama kando ya njia kama abiria wasio na haraka. Kompyuta aliikumbatia kifuani, begi jeusi likamning'inia mgongoni, maana CD za watu hakuziacha chumbani. Mwenye nyumba wake alikuwa na tabia ya kukagua vyumba kila kodi ilipochelewa, na kodi ilichelewa daima.

Nyumba ya Mwanamkuu ilikuwa na uwanja uliofagiwa, mihogo imeanikwa kwenye jamvi, na majirani waliojipanga ukumbini kama wamekuja kwenye hitima. Mwanamkuu mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha karibu karibu. Alimpa mihogo ya nazi na samaki, akamwongezea bila kumuuliza, akamwita "shehe". Ipyana, ambaye nyumbani kwao aliimba kwaya, alilipokea jina hilo na mchuzi wake.

Gunia la korosho lilikuwa mlangoni. Aliliona kabla ya kuwaona watu.

Kaka yake Mwanamkuu, Mzee Mwishehe, aliketi kwenye kiti cha kamba, kofia kichwani, kanyooka kama msumari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Babu yetu alikuwa na kitabu cha falaki. Wewe kitabu chako kiko wapi?"

"Siku hizi kiko humu, mzee," Ipyana alisema, akaifungua kompyuta. "Kitabu kina kurasa. Hii haina mwisho."

Programu yake ya muziki ilikuwa na ile michoro ya rangi inayojikunja na kupasuka kufuata mdundo. Aliifungua, akaijaza kioo kizima, akaweka wimbo wa Bongo Fleva na kuzima sauti, ili nyota zisisikike zikiimba mambo ya mapenzi. Zambarau ikapasuka ikawa kijani, kijani ikazunguka ikawa dhahabu. Majirani wakasogea. Mama mmoja akasema, "Subhana."

"Kwa hiyo," alisema Ipyana kwa sauti ya kuzimu, "kimepotea nini?"

Mzee Mwishehe alimkazia macho. "Tukikutajia, falaki itafanya kazi gani?"

Ipyana akabonyezabonyeza vitufe. Hii ilikuwa hatua ambayo hakuifikia kwenye masomo ya jioni.

"Nilikuwa nawapima," alisema. "Basi nipeni jina la mwenye kitu na jina la mama yake."

"Zuleha binti Mwanahawa. Dada yetu. Marehemu."

Ipyana akaliandika jina lile, akabonyeza kwa heshima. Akili yake ilikuwa inakimbia kama kuku aliyeona kisu. Marehemu, mwanamke, kitu kimepotea, ndugu wamenuna. Ni dhahabu tu. Bangili, au pete, au hereni. Na uzuri wa dhahabu ni kwamba zote zina umbo moja.

"Naona kitu kinang'aa," alisema.

"Eeeh!" ukumbi ukavuma.

Akapata nguvu. "Cha mviringo."

"Allah!"

"Kina tundu katikati."

Mwanamkuu akajipiga kifuani. "Kaka, huyu mtoto anaona!"

Ipyana mwenyewe alianza kujishangaa. Ilimjia fikra kwamba pengine alikosea kazi tangu mwanzo.

"Kimechukuliwa na nani?" aliuliza Mzee Mwishehe.

Hapa palitaka uangalifu. Ukimtaja jirani, unavunja kijiji, na aliyetajwa anaweza kuwa amekaa pembeni yako na panga. Mwizi mzuri ni wa mbali.

"Si mtu wa hapa," alisema. "Ni mgeni. Kijana. Ana maneno matamu."

"Matamu kiasi gani?"

"Mzee, ukimsikiliza unaweza kumkopesha shamba. Anakaa karibu na barabara kubwa, magari hayaishi. Hakukiiba kwa nguvu. Alipewa kwa mkono, halafu akakataa kukirudisha."

"Na sasa hivi kiko wapi?"

Ipyana alitazama huku na huku kutafuta wazo. Macho yake yakagota kwenye kitu cha karibu kabisa.

"Kiko gizani," alisema. "Ndani ya kitu... cheusi. Chenye... zipu."

"Mbali au karibu?"

Ipyana alijua kwamba waganga wote husema jambo moja hapa, na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kulisema.

"Karibu," alisema, akafumba macho, "kuliko mnavyodhani."

Alipoyafumbua, Mzee Mwishehe alikuwa amesimama na begi jeusi mkononi, anafungua zipu.

Kwanza ilitoka CD ya kwaya. Ikafuata ya mahafali. Ikafuata hotuba ya kustaafu. Halafu ikatoka moja iliyoandikwa kwa kalamu nzito: Harusi ya Kudra. Mzee akainyanyua juani. Iling'aa. Ilikuwa ya mviringo. Katikati ilikuwa na tundu, na kupitia lile tundu jicho la Mzee Mwishehe lilimtazama Ipyana.

"Falaki haisemi uongo," alisema bibi mmoja pale nyuma.

Ipyana, tumsifu kwa hili, alikuwa mtu wa kwanza kupiga makofi.

"Imepatikana!" alipaza sauti. "Si mnaona wenyewe? Mimi kazi yangu nimeimaliza, hilo gunia..."

"Kaa chini, shehe," alisema Mwanamkuu.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka Kudra, Faraji mgongoni, anagumia. Ipyana akakaa.

"Huyu ni mama yangu mdogo," Kudra alisema. "Na huyu ni mjomba. Zuleha ndiye mama yangu. Ulinitoza kuniuzia sauti yake, hata jina lake hukuuliza."

"Dada Kudra! Mbona hukuniambia kama una ndugu huku?"

"Ungeniongezea bei."

"Mwanangu," alisema Mwanamkuu, na kile kicheko kilikuwa bado kipo, ila kimekaa upande mwingine wa uso, "nilisikiliza ile flashi yako. Nikamwambia Kudra, hii siyo sauti ya dada yangu. Dada yangu alikuwa na sauti ya kifuani. Huyu anaimba yuko kisimani. Akanijibu, ndiyo falaki hiyo, mama mdogo. Nikasema kama ni falaki, basi aje atutazamie. Sasa tueleze, ulifanya nini?"

Ipyana akatazama njia aliyojia. Vijana wa bodaboda walikuwa wamezipaki pikipiki zao kwa kukingama, wanatafuna miwa na kumtazama kama watu wenye siku nzima.

"Nilibadilisha jina tu," alisema.

"Jina tu?"

"Jina tu, mama. Nje imeandikwa FLAC, ndani ni MP3. Tena ile nyepesi. Mtu akiangalia kwa juu hawezi kujua."

"Kwa juu hawezi kujua," Mwanamkuu alirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Haya. Leo utaifanya ya kweli, hapahapa, na mteja atakagua."

"Mteja nani? Dada Kudra?"

Mwanamkuu alimpokea Faraji, akamlaza mapajani. "Huyu."

Walimletea maji safi na kitambaa laini, akaosha dawa ya meno, akiifuta CD kutoka katikati kwenda nje bila kuizungusha, kama alivyofundishwa zamani akapuuza. Akaiweka kwenye mdomo wa kompyuta. Mazoea ni ugonjwa: akaanza na MP3, safari hii ya daraja la kati, akitumaini wakaguzi wa umri ule hawana ukali. Wakachomeka kwenye sabufa ya jirani. Faraji alisikiliza neno la kwanza, akakunja uso, akapiga ukelele uliowainua kuku.

"Kakataa," alisema Mzee Mwishehe. "Rudia."

Basi Ipyana akarudia kwa FLAC ya kweli, ile ya kusoma polepole, kompyuta inarudi nyuma kwenye kila mkwaruzo mpaka iuelewe. Ilichukua mchana. Jua lilihama kutoka mihogo mpaka jikoni, na huko nyuma ya nyumba Mwanamkuu na majirani zake walikuwa wanabangua korosho na kuchekacheka. Ipyana hakuuliza wanacheka nini. Alikuwa na haya kidogo, na haya kwake ilikuwa ngeni kiasi kwamba aliidhania ni njaa.

Mwishowe akasema, "Tayari."

Kudra akabonyeza. Kwanza hapakuwa na wimbo. Palisikika vikombe vya harusi vikigongana mbali, mtu akakohoa, na Mzee Mwishehe akasema, "Ah! Huyo mimi." Halafu ikaja pumzi. Pumzi ya mama mtu mzima anayempokea mtoto mzito wa mwenzake na kumkalisha vizuri begani. Baada ya pumzi ndipo sauti:

*Lala mwana wa mama, kunguru kalala kwao,*
*mhogo tumeufunika, kesho utaamka nao.*

Faraji alikuwa ameacha kulia tangu kwenye ile pumzi. Ndiyo aliyokuwa akiingoja siku zote. Ndiyo hiyo ambayo MP3 iliiona haina kazi, ikaiondoa. Alivuta na yeye pumzi yake ndogo, ikatetemeka, macho yakapanda juu, akalala. Kudra aliziba mdomo kwa upande wa khanga.

Ipyana alitazama chini. Kwa muda wa wimbo mmoja alikuwa mtu mwema kabisa.

Wimbo ukaisha.

"Sasa," alisema, "kuhusu lile gunia."

"Hee!" Mzee Mwishehe akaishika fimbo yake.

"Mzee, mimi siyo mbishi. Ila mama alisema, akija mwenye falaki. Nimekuja. Kitu kimepatikana. Na kazi nimefanya."

"Huyu mtoto hana mfupa wa aibu!"

"Muache, kaka," alisema Mwanamkuu. "Ahadi ni deni, na mtu aliyetoa jasho hadhulumiwi. CD zote hizi atabaki nazo Kudra, awarudishie wenyewe. Yeye mpeni gunia lake."

Gunia, ambalo mchana lilikuwa limehamishiwa nyuma ya nyumba, likaletwa. Ipyana hakuwa mjinga. Alilifungua mdomo, akatazama: korosho, nene, kavu, zinapendeza. Akaridhika. Alipolinyanyua akashangaa kidogo.

"Mbona jepesi?"

"Zimekauka vizuri, shehe," alisema Mwanamkuu. "Korosho nzito ina maji."

Ipyana aliliona jibu hilo ni la kitaalamu. Aliwaaga kwa adabu zote, akapanda bodaboda, gunia kalikumbatia kama bibi harusi. Njia nzima alikuwa anajiambia kwamba mjanja hata akianguka, huanguka juu ya godoro.

Kesho yake asubuhi aliliweka mbele ya Anselmi, pale Maili Moja, wateja wamesimama.

"Nilikwambia nini? Wengine wanalima, wengine tunatazama nyota."

Anselmi alifungua mdomo wa gunia, akaona korosho, akatikisa kichwa kwa heshima. Lakini muuza korosho hanunui kwa macho. Alipandisha mkono wa shati, akauzamisha mpaka kwenye kiwiko, akachota kutoka chini, akafumbua kiganja.

Maganda. Maganda matupu yaliyobanguliwa, mepesi, hata moja halina kitu ndani.

Akachota tena. Maganda. Akalimwaga gunia zima chini. Juu palikuwa na korosho za kujaza kofia moja. Zilizobaki zote zilikuwa maganda, yakiviringika mpaka kwenye miguu ya watu waliokuwa wakisubiri gari.

"Umepigwa," alisema Anselmi kwa upole, kama mtu anayetoa pole.

Ipyana alishika simu, akapiga.

"Mama! Mama Mwanamkuu! Hili gunia mmenipa la nini?"

"Shikamoo kwanza, mwanangu."

"Shikamoo!"

"Marahaba. Si la korosho? Limeandikwaje ubavuni?"

Ipyana aliangalia. Kwa mkaa, kwa herufi kubwa, lilikuwa limeandikwa: KOROSHO.

"Limeandikwa korosho, mama, lakini ndani ni maganda matupu!"

"Ah, hizo zimebanwa, baba. Tumeondoa kile ambacho mtu akiangalia kwa juu hawezi kukiona." Nyuma yake majirani walikuwa wameshaanza kuanguka kwa kicheko. Mwanamkuu akashusha sauti. "Taratibu jamani, mtoto amelala. Eeh, nilikuwa nasemaje? Hizo ndizo korosho za MP3, mwanangu, ndiyo maana nyepesi. Za falaki tumebaki nazo sisi."